Nyuki Wameambiwa Umekufa

Hopley Bank, Shropshire
26 Januari 1936

Kwa Marehemu Kaka Reuben,

Salamu kutoka kwetu sisi tulio hai. Hujambo huko kaburini Coventry? Nasikia kaburi lenyewe lina umeme na maji ya bomba, kwa hiyo usijidai unateseka.

Usikasirike. Aliyekuua si mimi, ni Baba. Sikutaka kukwambia, ila Mama Pugh wa jirani kasema mtu ana haki ya kupata habari za msiba wake mwenyewe. Ile wiki uliyoondoka na Hilda, Baba alichukua ufunguo wa nyumba akatoka kichwa wazi, mvua inamnyeshea, akagonga mizinga mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mara tatu, vilevile alivyogonga alipokufa Mama. Akawaambia nyuki: "Reuben amekufa. Bwana wenu baada yangu atakuwa Enoch." Akafunga vitambaa vyeusi. Kisha akaingia ndani akala viazi.

Nikamwambia, "Baba, si yuko Coventry tu, anaunda magari?" Akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia kanisani. "Nyuki wameshaambiwa," akasema. Basi, ikaisha hiyo. Unamjua. Mchungaji unaweza kumdanganya, hata hakimu ukijipanga vizuri, lakini nyuki wasipoambiwa msiba wa nyumba, au wakidanganywa, watahama au watakufa wote. Na kwa kuwa Baba hajawahi kuwadanganya, mwenye kosa ni wewe unayeendelea kupumua. Yote haya kwa sababu Hilda alipewa talaka mahakamani! "Mwanamke mwenye mume mwingine aliye hai hatakanyaga nyumba ya mama yenu." Hiyo nimeisikia mpaka naiota.

Kwa hiyo mrithi ni mimi. Ungeniona ninavyotembea siku hizi, kifua mbele. Mizinga yote hii juu ya kichwa cha mtu aliyefukuzwa shule kwa kumtilia mwalimu chura ndani ya kofia! Nyuki wananiogopa, nakwambia. Nikipita wanapiga kimya. (Ni kweli ni majira ya baridi na wote wamelala, lakini hilo tuliache.)

Halafu umepata mwenzio huko. Mfalme mzee amefariki Jumatatu. Baba kawaambia nyuki kwa heshima zote: mfalme amekufa, mwanawe mkubwa ameshika. Alipofika kwenye "mwanawe mkubwa" akakatiza, akaanza upya mzinga uleule. Nikajifanya nafunga kiatu.

Kusema kweli, kaka, nyumba imepoa. Baba haongei. Jana nilibishana na birika, na nikalishinda.

Njoo Pasaka. Piga hodi tu uingie. Akikuona unakula, atajua hukufa.

Jibu kwa Mama Pugh, Baba asione.

Mrithi wa kiti chako,
Enoch

*

Coventry
9 Februari 1936

Mdogo wangu Enoch,

Nimecheka barua yako mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta. Baadaye sikucheka tena.

Nilijua ana hasira. Nilidhani ataniita majina, atanifungia mlango, mwaka utapita. Sikudhani atatoka na ufunguo. Mzee huyo alinifundisha mwenyewe namna ya kuinama nikiongea nao, nisiwapumulie. Nilikuwa mdogo kuliko ndoo.

Mimi sijambo. Kazi ipo, kelele nyingi, nafunga milango ya magari ambayo sitayapanda. Hilda anapika vizuri na anakusalimu. Ameweka maua dirishani.

Pasaka haiwezekani. Aliyewahi kufa akarudi Pasaka ni mmoja tu, na yule baba yake alikuwa upande wake.

Usimwambie Mzee kuwa tunaandikiana. Na wewe mrithi, vaa wavu usoni. Najua huvai.

Kaka yako,
Reuben

*

Hopley Bank
21 Juni 1936

Kaka Marehemu,

Leo nakuandikia kwa jicho moja. Sababu nitakwambia, lakini kwanza usikie ushujaa.

Jumanne kundi zima lilitoka mzinga wa kati likaning'inia kwenye mtufaha, zito kama paja la nguruwe. Baba yuko shamba la juu. Mtu mwingine angekimbia. Mimi nikachukua kikapu na shuka, nikapanda ngazi, nikaliambia lile kundi, "Haya waungwana, bwana wenu mtarajiwa amefika." Nikatikisa tawi.

Likaanguka lote. Sehemu ndani ya kikapu, sehemu ndani ya shati langu.

Wanasema nilifika mtoni bila kugusa ardhi. Mama Pugh alinitoa miiba kwa kisu cha siagi huku anacheka mpaka machozi. Uso umevimba, nimekuwa kama mkate uliotiwa hamira mara mbili. Wasichana wa kanisani wamekuja kunitazama kwa zamu, kwa hiyo si hasara tupu.

Baba aliporudi alilikusanya lile kundi peke yake, polepole, mikono mitupu. Kisha akasema, hakusema na mimi, alisema na kikapu: "Reuben hakuwa akiwatikisa. Reuben alikuwa akiwaomba."

Umesikia? Kakutaja! Miezi yote hii hajakutaja hata mara moja. Nikatulia tuli nisije nikamshtua, kama mtu aliyeona ndege kwenye dirisha. Lakini hakuongeza. Akanawa mikono, akaenda kulala jua bado lipo.

Kaka, mimi siyawezi haya mambo. Ukimwonyesha mtu mstari huu nitakana. Wananichukia, na Baba anajua. Kila nikikosea ananitazama anakuona wewe, ananiona mimi, anaugeuza uso. Tunakula bila neno. Kijiko chake kinalia, kijiko changu kinalia, basi ndiyo mazungumzo ya jioni.

Vipi, gari gani umefunga mlango wake? Hilda hajambo? Mwambie anitumie keki, anipe sababu ya kumtetea.

Enoch,
Bwana wa Nyuki (wa jicho moja)

*

Coventry
4 Oktoba 1936

Enoch,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi nyingi.

Jicho limepona? Baridi imeanza huku mapema. Nikuulize: Mama alikuwa anatia nini kwenye uji wa shayiri usishike chini ya sufuria? Wangu unaungua kila siku. Na soksi, kisigino kinashonwa kuanzia ndani au nje?

Hilda anakusalimu.

Reuben

*

Hopley Bank
13 Desemba 1936

Kaka,

Mtu anakula uji ulioungua na kujishonea soksi, halafu eti "Hilda anakusalimu." Nitalirudia hilo. Kwanza nina habari kubwa, kaa chini.

Huko mjini bila shaka mnajua yote. Sisi huku magazeti yalikaa kimya mwaka mzima, mara wiki iliyopita yakaanza kupiga kelele: Mfalme anamtaka mwanamke aliyeachika, na wakubwa wamekataa. Akaambiwa achague. Ijumaa tulijazana kwa Mama Pugh kusikiliza redio. Hata Baba alikuja! Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, hakukubali kiti. Mfalme akasema mwenyewe kwamba ameachia, mdogo wake ameshika. Mama Pugh akalia kwenye aproni. Nilimtazama Baba. Hakupepesa macho.

Sasa jana asubuhi wakaja wenye nyuki getini kwetu, Bwana Pugh na yule Beddoes wa baa, wamevaa kama watu wa mazishi ila hawajui maiti ni nani.

"Josiah," Bwana Pugh akamwambia Baba, "tunawaambiaje?"

"Waambie kafa," Beddoes akasema. "Ndiyo maneno tuliyo nayo. Mengine hatuna."

"Hajafa," Baba akasema. "Jana nimemsikia anaongea."

"Basi tusiwaambie kitu."

"Nchi ibadilishe bwana na wao wasiambiwe?" Bwana Pugh akaja juu. "Ifike Mei huna hata nyuki wa kumwonyesha mtoto? Wewe una bia, Beddoes, wenzako tuna asali tu."

Nikaona nisaidie. "Kwenye mzinga malkia akichoka wanamuua," nikasema. "Hakuna hotuba."

"Kijana, nyamaza," Bwana Pugh akasema.

Baba akakuna kidevu muda mrefu. Akasema, "Siwezi kuwaambia nyuki kwamba mtu aliye hai amekufa."

Bwana Pugh akatazama buti zake. Beddoes akatazama buti za Bwana Pugh. Na mimi mdomo wangu unaujua, hauna mlango. Nikasema, "Na Reuben je?"

Nilingoja kibao. Nakuapia nilikitaka. Angalau kibao ni maneno ya namna fulani. Hakunipiga. Akachukua ufunguo akaenda mizingani, sote tukamfuata kwa mbali. Akagonga, akainama, akasema: "Mfalme hakufa. Ameondoka kwa hiari yake kwa ajili ya mwanamke. Yu hai. Mdogo wake ndiye ameshika." Akaweka sikio. Wakavuma ndani, taratibu, kama watu waliokubali.

Umeona? Maneno yapo! Yanasemeka! Nimeyasikia kwa masikio haya makubwa unayoyacheka.

Alipofika mzinga wa mwisho, ule ulioujenga wewe, akamaliza habari za Mfalme, kisha akagonga tena. Mara tatu. Akainama. Mdomo ukafunguka. Bwana Pugh akavua kofia.

Halafu Baba akatia ufunguo mfukoni. "Baridi," akasema. Akaingia ndani.

Imebaki hatua moja, kaka. Njoo Krismasi. Na Hilda mlete kama yupo. Yupo?

Enoch

*

Coventry
19 Desemba 1936

Mdogo wangu,

Hayupo. Aliondoka Agosti. Hatukugombana. Alisema ninakaa kama mtu anayengoja kuitwa nyumbani, na amechoka kuishi na mtu aliyevaa koti ndani ya nyumba. Yuko kwa dada yake Liverpool. Maua yalikauka, nikayaacha hapo dirishani.

Sikukwambia kwa sababu wewe ulikuwa unanitetea. Nilitaka ubaki na kitu cha kutetea.

Nilisikiliza hotuba ile baa, watu wengine wanalia, wengine wanazomea. Mimi nilimwonea wivu. Kaacha kila kitu, lakini yupo mtu anamngoja upande wa pili. Mimi nimeacha kila kitu nikabaki na mlango wa gari.

Sitakuja kubisha hodi, Enoch. Kuja mikono mitupu, Mzee anitazame usoni na kuniambia kwa kimya chake kwamba alishanionya, hilo sitaliweza. Nikifukuzwa mara ya pili sitakuwa na pa kurudi tena.

Akiwaambia nyuki mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba niko hai, nitapanda treni siku hiyohiyo. Wewe ni mwongo mzuri tangu utotoni na umenifurahisha sana kwa uongo wako. Lakini hili usinidanganye. Nakuomba.

Reuben

*

Hopley Bank
27 Desemba 1936

Kaka Reuben,

Sikuandika "marehemu". Angalia juu tena.

Nilikaa na kalamu siku nzima nikiandika uongo. Ulikuwa uongo mtamu, Baba analia ndani yake na kuna theluji. Nikauchoma. Umeniharibia kazi ya maisha yangu kwa kusema nakuomba.

Siku ya Krismasi tulirudi kutoka kanisani, Baba akaenda kulisha nguruwe. Nikachukua ufunguo. Nikagonga mzinga wako kwanza. Nikawaambia: "Mimi Enoch Gittins naachia. Siwawezi, mnaniuma, na kiti si changu. Mwenyewe yuko hai, yuko Coventry, anaunguza uji."

Nikageuka. Baba nyuma yangu na ndoo.

"Nani kakupa ufunguo?"

"Nimejipa."

Akaniuliza jambo moja, mambo ya kiume tu, halikuhusu. Nikamjibu. Akaweka ndoo chini. "Umesema haraka mno," akasema. "Hawakukusikia."

Akaupokea ufunguo, akaufuta kwenye koti. Akagonga. Nikitia chumvi hapa nife kweli, nawe uwaambie nyuki. Alisema: "Reuben hakufa. Nilikosea. Yu hai, na baada yangu ni yeye." Akaenda mzinga hadi mzinga, akafungua kila kitambaa cheusi kwa vidole vyake vile vilivyopinda, wala hakutumia kisu.

Nilikosea! Baba! Mimi sijawahi kusikia neno hilo likitoka humo, sikujua hata kama analo.

Treni, kaka. Siku hiyohiyo, ulisema. Mimi nitakuwa kituoni, utanijua, ndiye mzuri.

Enoch

*

Hopley Bank
7 Machi 1937

Enoch, mwongo wewe,

Jumatano niliamka nikakuta kitanda chako kimetandikwa. Hujawahi kutandika kitanda tangu uzaliwe. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikamuuliza Mzee. Akaendelea kukata mkate. Akasema mtu aliyeachia mizinga mbele ya nyuki hakai tena jirani nao wakianza kuruka, hawatulii wakisikia sauti za mabwana wawili. Akasema, "Nilimuuliza siku ile kama anajua. Akasema anajua."

Hilo ndilo jambo la kiume lisilonihusu! Ulikuwa hujui. Ulisikia pale pale, ndoo ikiwa bado mkononi mwake, na ukajibu kama mtu aliyeulizwa kama anataka chai. Halafu ukanipokea kituoni unaruka kama mwendawazimu, ukanichekesha miezi miwili, ukaniuliza habari za chumba changu na msimamizi wangu kiwandani, mimi nadhani ni udaku tu.

Nimemwomba Mzee. Nimepiga kelele, Enoch, mimi! Anasema ameshakosea mara moja mbele yao, hawatamsamehe mara mbili. Halafu akatoka nje akasimama barabarani anatazama upande wa kituo mpaka chakula kikapoa.

Hatuongei. Tunapendana nadhani, lakini hatujui kuongea. Aliyekuwa akiongea humu ndani ni wewe. Nimerudi nyumbani nikakuta nyumba imeondoka.

Nyuki wanaruka vizuri. Sijui kama hilo linakufurahisha.

Niandikie.

Kaka yako,
Reuben

*

Coventry
13 Mei 1937

Kwa Bwana wa Mizinga, Mheshimiwa Reuben,

Acha kulialia, mtu mzima. Mambo yangu ni moto. Msimamizi wako ananipenda kuliko alivyokupenda wewe, anasema wewe ulikuwa unafunga milango kama unaomba radhi. Mimi nabamiza. Mama Tranter mwenye nyumba kanipa chumba chako kilekile, na maua yako makavu yalikuwa bado dirishani, nikayatupa, mtu mchafu wewe. Jumamosi naenda kutazama senema. Kuna msichana wa duka la soseji ananiita "Shropshire", sijui kama ni mahaba au matusi, nalifanyia kazi.

Sikukwambia kwa sababu usingepanda treni. Ni hivyo tu, usiifanye iwe hadithi.

Jana ametawazwa yule mdogo wa Mfalme. Mtaa mzima wametoa meza barabarani, bendera kila dirisha, mvua inanyunya na hakuna anayejali. Mdogo mtu aliyeachiwa kiti asichokiomba, watu wanampigia makofi, nikasema moyoni, bwana wee, pole, mimi najua. Huyo mwingine yuko ng'ambo, hakualikwa. Huyo pia nikampa pole. Sikuwa na mwingine wa kuzungumza naye, kwa hiyo nilikuwa mkarimu.

Kila mtu alikaa na watu wake. Mama mmoja akaniuliza, "Wewe uko na nani, mwanangu?" Nikamwambia namshikia kaka yangu nafasi, anakuja sasa hivi. Nikaegemeza kofia yangu kwenye kiti cha pili. Watu walipita wakiuliza kama kina mtu, nikasema kina mtu. Nilikishika mpaka sahani zikaondolewa. Kisha wakaja watoto kukusanya viti, nikachukua kofia yangu.

Mwambie Baba nakula vizuri. Mwambie sijakasirika, maana atakuwa anajiuliza na hatauliza.

Nijibu upesi. Usingoje uwe na habari. Andika mistari miwili, andika mvua imenyesha, nitukane ukitaka, ila iwe ndefu kidogo.

Mdogo wako,
Enoch